Wananchi Wasiwe na Hofu na Maji

Jumatatu, 4 Machi
Maji ya bomba yametoka rangi ya chai. Mji mzima umeamka na kelele. Mimi nimeamka na tabasamu. Mkurugenzi wa manispaa anatafuta msemaji mkuu, na mimi afisa habari nimeletewa janga hadi mlangoni!

Mpinzani wangu ni mmoja: Bibi Afya, mkaguzi wetu wa afya. Kiti hakitaki, anasema. Namjua! Leo kamwambia Mkurugenzi kwamba bomba limepasuka karibu na mtaro wa maji taka, watu waambiwe wachemshe maji mpaka maabara itoe majibu. Nikacheka. Ukimwambia mtu achemshe, si umeshamtia hofu? Kazi nimepewa mimi.

Tangazo halikunitoa jasho. Nimechukua lile la soko lilipoungua, nikafuta moto, nikaweka maji. Akili hiyo!

Jumanne, 5 Machi
Limesomwa redioni. Maji yamedhibitiwa na kikosi cha zimamoto, hakuna aliyeungua, polisi wanachunguza chanzo. Laiti ningelipitia.

Mfagizi wa ofisi ameniuliza maji yalianza kuwaka saa ngapi. Bibi Afya hakucheka, na hilo ndilo limeniuma. Mkurugenzi amesema nirekebishe au nikauze mitumba.

Nimerekebisha. Nimerekodi kwa sauti yangu nzito: maji ni salama, wananchi wasiwe na hofu. Gari la matangazo litazunguka hadi Ijumaa. Nimemwonya dereva asisimame kwa ajili ya mtu yeyote, hata akidai katumwa na mimi. Bibi Afya ana hila.

Nyumbani nimemkuta mke wangu anachemsha maji. Nimemuuliza kama hajasikia tangazo. Amesema amelisikia, ndiyo maana anachemsha.

Jumatano, 6 Machi
Mama amepiga simu analia kwa furaha. Sauti yangu imepita dirishani kwake! Kawaita majirani wote: huyo mwanangu huyo! Alikuwa akinunua maji ya chupa, sasa ameacha, maana mwanawe kasema.

Nilitaka kumwambia asiache. Nikawaza majirani watauliza kwa nini mama wa msemaji anakunywa ya chupa. Nikamwambia asante, mama.

Alhamisi, 7 Machi
Majibu ya maabara yametoka. Maji hayafai hata kwa mbwa. Mkurugenzi kanigeuka mchana kweupe, kamtuma Bibi Afya akazungumze na watu.

Kaenda sokoni, kapanda juu ya kreti la soda. Hana hata kipaza sauti! Kawaambia anachokijua, kisha asichokijua, kisha atarudi lini. Watu wakamsikiliza kimya. Ndipo gari langu likapita: maji ni salama! Soko likalipuka kwa kicheko. Nikalikimbilia nikipunga mikono. Dereva kaniona, kaongeza mwendo. Mtaa mzima nimekimbia nikiipigia kelele sauti yangu inyamaze.

Ijumaa, 8 Machi
Mama yuko hospitali. Tumbo. Dada amenipigia asubuhi. Naandika wazi, nimeogopa kuliko nilivyowahi kuogopa.

Aliyemfikisha ni Bibi Afya. Alikuwa akipita nyumba kwa nyumba, akamkuta sakafuni.

Nimemkuta mama na dripu mkononi, amekuwa mdogo kitandani. Akaniuliza polepole kama yale maji yalikuwa salama kweli. Nikafungua mdomo. Muuguzi akanigeukia. Dada akanigeukia. Bibi Afya alikuwa mlangoni.

Nikasema suala hilo linafanyiwa kazi.

Mama akageukia ukutani.

Jumamosi, 9 Machi
Mama ana nafuu, amekunywa uji. Nimeshukuru hadi machozi. Ila bado haongei na mimi. Bibi Afya kapewa kiti. Eti watu wanamwamini! Kwa kreti la soda?

Simu haipumui. Mashangazi, wajomba, binamu, wote wanauliza mama anaendeleaje. Ukoo ukiwa na hofu unahitaji msemaji. Nimeketi, nimelitafuta lile tangazo la redioni, nimefuta maji, nimeweka mama, nimewatumia wote kwa mpigo. Kulipitia nako ni kupoteza muda.

Dada amejibu wa kwanza. Anauliza zimamoto wamefika kwa mama lini.

Wivu tu.