Kitambaa cha Bundi Alichoniletea Wifi

Jamani, leo nimejitia aibu mwenyewe, tena na koleo mkononi.

Mimi na wifi yangu Zuhura tumenuniana tangu Idi, aliposema mbele ya wageni kwamba mkate wangu wa mchele unafaa kuzibia bomba. (Ulikuwa mgumu kidogo. Kidogo!) Mume wangu ndiye mdogo wake wa pekee, na katikati yetu masikini amekonda. Leo akatuomba yaishe: Zuhura aje kwetu, mtaa wa Turffontein huku ugenini, tule pilau, tupatane.

Kaja mapema, kacheka meno yote nje. Hapo tu nikaanza kushtuka. Zuhura hanichekei mimi!

"Wifi, zawadi yako hii. Itundike jikoni," akasema, akanipa kifurushi, kisha akatoka kwenda spaza, kile kiduka cha kona, kununua soda.

Nikafungua. Bundi! Kitambaa cheupe, chembamba, kirefu, kimejaa bundi wa buluu, wote wamenikodolea macho. Mimi mtu wa Tanga; kwetu bundi akilia juu ya paa tunaulizana nani anaumwa. Nikatazama pembeni: hakikupindwa, nyuzi zinaning'inia. Pamba nyeupe isiyoshonwa! Kazi yake mnaijua. Sanda!

Nikamwita jirani yangu Mama Furaha, Mkongomani. Akachungulia dirishani, ndani hakuingia.

"Iii, mama! Ile ndege ni mubaya! Choma hii kitu mbio!"

Nikakibana kwa koleo (kukishika kwa mkono? Thubutu!), nikakipeleka uani kwenye jiko la braai, la kuchomea nyama, nikanyunyiza chumvi, nikasoma Ayatul Kursi. Pembe moja ikashika moto. Nikapandisha sauti.

"Wifi?"

Zuhura huyo, kasimama mlangoni na soda zake.

"Na... nakikausha," nikasema.

"Kwa Ayatul Kursi?"

Nikamgeukia Mama Furaha anisaidie. "Mimi napita tu," akasema, na akapita kweli.

Basi Zuhura akanieleza, machozi yanamlenga. Kile ni kitambaa cha mikono cha Kijapani, kapewa na bosi wake, mama wa Kijapani wa kule kwa matajiri, Sandton. Kwao hawavipindi pembeni ili vikauke upesi. Na bundi kwao ni ndege wa heri, anafukuza shida.

"Nilimwambia nina wifi yangu nataka kupatana naye," akasema. "Akanichagulia hicho."

Ningeona shimo ningeingia. Nikauzima moto, nikaomba radhi, nikalia kabisa. Mwishowe akasema, "Eish, wifi, yameisha." Nikapakua pilau haraka kabla hajabadili nia.

Hakuigusa. Akaitazama sahani, akanitazama mimi, akasema taratibu, "Anza wewe."

Msinicheke. Nimekula sahani mbili za kujaa, hata kuinama siwezi, ili mtu aamini kwamba mchawi si mimi.