Babu wa Ebeneza Aliyechorwa Makambako

Filemoni, mchora mabango wa Makambako, alichoka kuchora mikasi kwenye kuta za saluni. Siku moja akabandua kalenda kuukuu yenye picha ya mchoraji mkongwe wa Ulaya aliyejichora mwenyewe, akakaa mbele ya kioo na kuichora upya kwa namna yake. Kiza kilekile, macho yaleyale ya huzuni, ila sura ilikuwa yake Filemoni, na kichwani kofia ya sufu ya baridi ya Njombe. Kwa mara ya kwanza maishani alikuwa amefanya kazi ya uaminifu. Haikudumu.

Mteja aliyekuja kuchukua bango lake aliitazama picha, akavua kofia kwa heshima. "Huyu marehemu ni babu wa nani?"

Wa yeyote mwenye uwezo, Filemoni akajijibu kimoyomoyo.

Mwenye uwezo alikuwa Ebeneza wa Njombe, tajiri wa parachichi, aliyekuwa na kila kitu sebuleni isipokuwa ukoo. Filemoni akaipaka picha chai ya rangi, akaifukiza kwa moshi wa kuni mpaka ikazeeka, akapanda pikipiki yake.

"Kamwene, bosi. Babu yako huyu, alichorwa na mmisionari wa Kijerumani. Fedha sitaki. Nipe tu ile pikapu yako mbovumbovu."

Pikapu hiyo ndiyo ilikuwa ndoto yake yote: abebe viazi vya watu, asishike brashi tena.

Ebeneza, ambaye hakuwahi kumwona babu yake, alitokwa machozi. Alikuwa ameshatoa funguo mfukoni shangazi yake Dorika alipotoka jikoni. Bibi akaitazama picha, akamtazama Filemoni, akairudia picha. Hapo ndipo msanii wetu alipokumbuka sura ile ni ya nani.

"Mjukuu wa baba!" Dorika akamkumbatia huku akilia. "Ebeneza, huoni? Wamefanana kabisa!"

"Mama, mimi kwetu Kichiwa..."

"Ndiko baba alikokuwa akifuata mbegu za viazi. Na alikuwa anachelewa kweli kurudi."

Afanyeje? Akikana, itabidi aeleze kwa nini sura ya kwenye picha ni yake. Akaukubali ujukuu kwa sauti ndogo.

"Basi ndugu hamuuzii ndugu yake babu," Ebeneza alisema, akarudisha funguo mfukoni.

"Na Jumamosi tunajengea kaburi la mzee," Dorika akaongeza. "Wewe ndiye mjukuu mkubwa. Ng'ombe wa kuchinja ni juu yako."

Pikipiki ikauzwa, ng'ombe akanunuliwa. Jumamosi Filemoni alikoroga zege kwenye ukungu, wageni wakipita kumlinganisha na picha na kumsifu Mungu. Jioni akaondoka kwa miguu kwenda stendi, na kipande cha utumbo kwenye mfuko.

Ebeneza alimtazama akiishia. "Shangazi, kweli babu alikuwa vile?"

"Babu yako alikuwa na kipara na uso mpana kama sinia," Dorika alisema, akijichokonoa meno. "Wewe ulikuwa unatoa gari upate picha. Mimi nimetoa machozi tu, nimepata ng'ombe, na picha imebaki."