Nimeifundisha Kompyuta BASIC, Imegoma Kunyamaza

Jamani, leo nimevuliwa nguo mchana kweupe! (Suruali ninayo. Heshima ndiyo sijui ilikoangukia.) Diski hii naipakia kwenye basi la Mwanza. Deo, wasambazie wenzetu wa darasa kwa baruapepe, kabla hawajaisikia kwa watu wengine ikiwa imetiwa chumvi.

Mnajua naomba kazi ya ualimu wa kompyuta hapa chuo cha ufundi Nyaishozi. Muda wote huu nimekuwa nikijitolea, yaani nafundisha bure na kula maharage ya wanafunzi. Leo mwenyekiti wa bodi, Mzee Bitegeko, alikuwa anakuja kutoka Isingiro kuniona kazini. Akiridhika, naajiriwa. Asiporidhika, narudi Ihanda kupalilia kahawa ya baba.

Nikajiandaa. Ile programu tunayoandikia programu zetu ina kijiprogramu kilichopachikwa ndani yake. Ukianza kuandika amri, kinaimalizia chenyewe na kuipaka rangi. Kasoro yake, kilijua lugha moja tu ya kompyuta, Pascal. Mimi nikakiongezea BASIC. Nimemaliza asubuhi hii, kikombe cha chai mkononi. Nilikijaribu? Nikijaribu ya nini, na nimekitengeneza mwenyewe! (Kiburi hakina dawa.)

Tena nilikuwa na mpango. Nitamkaribisha mzee abonyeze yeye wa kwanza, kwa heshima. Mambo yakienda vizuri, sifa zangu. Yakiharibika, mzee kabonyeza vibaya. Nani atamhoji mwenyekiti?

Saa nne pikipiki ikaingia. Jenereta ikawashwa, wanafunzi wakajaa madirishani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwana wange. Haya, tuione hiyo mashine."

Nikaeleza. Nikaeleza mno! Nikasema mtu akibonyeza herufi P tu, kompyuta itamwandikia PRINT, amri ya kuonyesha maneno kwenye kioo, bila yeye kuhangaika. Nikamvutia kiti.

"Karibu mzee, anza wewe."

Mzee akaweka mikono nyuma.

"Waitu," akaanza, kama wasemavyo wazee wa huku, "wewe mtoto wa wapi?"

"Ihanda, mzee."

"Huko Ihanda mwenye rubisi humpa mgeni kibuyu kabla hajaonja mwenyewe?"

Madirishani wakaguna. Hata mtoto mdogo huku anajua: mwenye pombe ya ndizi huvuta mrija kwanza, mgeni akimtazama, ionekane hakutia kitu.

"Hapana mzee. Huonja mwenyewe."

"Basi onja."

Nikabonyeza P.

Ikaandika PRINT, kijani safi. Makofi! Nikageuka kuwapungia mkono wanafunzi. Nilipoangalia tena kioo, PRINT PRINT PRINT, mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, inateremka tu. Ndipo akili ikanijia. Nilikiagiza kila kikiona P kiandike PRINT. Na PRINT yenyewe ina P! Kinaiona P yake, kinaandika tena, kinaiona nyingine, kinaandika tena. Na kila mstari ukijaa, mashine inalia.

Pii!

"Imeelewa," mzee akasema. "Sasa iambie inyamaze."

Nikabonyeza kitufe cha kusitisha. Pii! Nikabonyeza vitufe viwili kwa pamoja. Pii! Nikabonyeza hata nisivyojua kazi yake. Nikasema eti inapasha moto.

"Inapasha moto nini?" akauliza Mama Koku, mkuu wa chuo.

Madirishani wakaanza kuitikia pamoja na mashine: "Pii!" (Wanafunzi wangu! Niliowafundisha bure!) Na kitufe cha kuizimia kompyuta kilishang'oka zamani. Nikatoka mbio, nikavuka uwanja, nikashusha swichi ya jenereta.

Kimya. Kisha matusi kutoka karakana ya useremala, msumeno umewazimikia katikati ya ubao.

Niliporudi, mzee alikuwa amekaa kwenye kiti changu.

"Mwana wange, pombe yako haijaiva."

"Ndiyo mzee."

"Kazi ya ualimu tutaitangaza upya."

Niliumia, sifichi. Nusura nilie mbele ya watoto wale. Mzee akamgeukia Mama Koku.

"Jenereta yenu huwa anaiendesha nani?"

"Hatuna mtu, mzee. Yeyote aliye karibu."

"Huyu kaizima haraka sana. Na mbio anazo."

Basi jamani, kuanzia Jumatatu mimi ni mwajiriwa rasmi: mwendesha jenereta. Kijiprogramu nimekirekebisha jioni hii, kinafanya kazi vizuri kabisa, na hakuna anayetaka kukiona.

Mkicheka, chekeni huko huko Mwanza. Atakayecheka hapa chuoni atamalizia masomo yake kwa kibatari.