Malalamiko Dhidi ya Swali la "Na Nani" Linalofundishwa Kidato cha Pili

Twaha Isihaka,
Mwenyekiti, Kikundi cha Mashine ya Kupulizia,
Chinongwe, Ruangwa.
11 Julai

Ndugu Mkuu wa Shule,

YAH: KUOMBA SOMO LA KIINGEREZA LIRUDISHWE KWENYE AMANI

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni baba yake Faudhia, mwanafunzi wako wa Kidato cha Pili, yule mrefu wa dawati la mbele ambaye kunyamaza hajafundishwa. Vilevile ni mwenyekiti wa kikundi cha kaya tisa tunaomiliki kwa pamoja mashine moja ya kupulizia salfa kwenye mikorosho. Cheo hiki ninacho mwaka wa sita, na katika miaka yote hiyo sikuwahi kuulizwa swali mpaka Madam Jenifa alipoletwa kufundisha Kiingereza shuleni kwako.

Nisieleweke vibaya. Mwanzoni nilimpenda sana huyu Madam. Faudhia alirudi nyumbani akasema wanajifunza kugeuza sentensi za Kiingereza kutoka kauli ya kutenda kwenda kauli ya kutendwa. Nikamwomba anifafanulie. Akasema ukiwa na "mkulima alivunja jembe", unaigeuza inakuwa "jembe lilivunjwa", na mkulima ukitaka unamwacha. Nikamwambia mwanangu, hiyo ndiyo elimu. Mimi nimeishia darasa la saba lakini ripoti zangu zote za kikundi nimeziandika hivyo tangu siku ya kwanza, bila kufundishwa na mtu, nikadhani ni kipaji changu peke yangu.

Tatizo lilianza wiki mbili baadaye. Madam akawageuza watoto kinyumenyume, kutoka kutendwa kurudi kutenda. Na ili urudi huko, anasema, lazima kwanza umtafute mtendaji, na njia ya kumtafuta ni kuuliza "na nani". Ndugu Mkuu, swali hilo limetoka darasani kwako, limevuka barabara, limeingia kijijini. Madhara yake nayaweka kwa namba ili yasichanganyike.

1. Nyumbani kwangu. Mwezi uliopita mke wangu alikwenda msibani Marambo, akakaa siku nne. Aliporudi nikampa taarifa kwamba jogoo mwekundu aliugua, akachinjwa, akaliwa. Taarifa fupi na kamili, yenye mwanzo na mwisho. Faudhia, akiwa anaosha vyombo, akauliza aliliwa na nani. Akaongeza kwamba "aliugua" ni neno la kuchunguzwa pia. Mke wangu Kiingereza hajui hata salamu, lakini somo hili amelielewa siku hiyohiyo kuliko wanafunzi wako wote. Sasa sukari ikiisha ananiuliza imemalizwa na nani, na chumbani inakowekwa tuko wawili tu.

2. Nyakati. Ningevumilia kama Madam angeishia wakati uliopita, maana yaliyopita yamepita. Lakini anawapeleka watoto nyakati zote: inafanywa, ilifanywa, imefanywa, itafanywa. Katika kijiji hiki wakati ujao ndipo tulipokuwa tunapumzikia. Paa la madrasa, kwa mfano, kwa miaka mitatu tumekuwa tukisema litaezekwa. Kila kikao litaezekwa, tunapiga makofi, tunakwenda kunywa chai. Siku moja Faudhia alipita na daftari lake wakati wazee tumekaa, akasalimia vizuri, kisha akauliza litaezekwa na nani. Kila mmoja alimwangalia mwenzake kwa jicho baya. Kesho yake asubuhi wanaume sita tulikuwa juu ya paa, mimi nikiwa mmoja wao, na nyonga yangu mpaka leo haijakaa sawa. Paa limekwisha, ni kweli. Watoto hawanyeshewi, ni kweli pia. Lakini hayo si ninayolalamikia.

3. Mashine. Hapa naomba usome taratibu, kwa sababu ndipo heshima yangu ilipoguswa.

Kwa desturi yetu, zamu za kupuliza tunazipanga kwa korosho. Korosho tisa zinatiwa kwenye kofia, moja ikiwa imechomwa ikawa nyeusi. Kila kaya inaingiza mkono bila kuangalia, na atakayeitoa ile nyeusi anaanza. Kuanza ni bahati kubwa, maana maua yakishafunguka bila salfa, ugonjwa wa ubwiriunga unayakuta, yanageuka meusi na kuanguka, na mkorosho uliopoteza maua haukusubiri mpaka ujipange. Mwaka huu korosho nyeusi ilitolewa na shemeji yangu Hajra, mjane wa marehemu kaka yangu. Ana mikorosho arobaini na miwili, na hana kingine.

Bahati mbaya, mashine ikaharibika kabla haijamfikia. Nikaandika ripoti safi, ambayo nainukuu: "Mashine ilitolewa stoo siku moja kabla ya zamu kwa ajili ya majaribio. Ilitiwa petroli. Iliwashwa. Ulisikika mlio usio wa kawaida. Ilizimika. Imepelekwa Nachingwea kwa fundi Selestini na itatengenezwa." Sentensi sita, hazina tusi, hazina lawama, hazina mtu. Nilitegemea makofi.

Sasa shemeji hajui kusoma, kwa hiyo alikuja kikaoni na Faudhia amsomee. Mtoto akamsomea kwa sauti ya chini, sentensi moja moja, na baada ya kila sentensi alisimama kidogo, kama wanavyofanya darasani wakisubiri jibu. Walipomaliza, shemeji akasimama. Huyu ni mwanamke ambaye katika vikao vyetu vyote hajawahi kusema zaidi ya "nimeafiki". Akasema:

"Shemeji, mie kusoma sijui, na maua yangu yanaanguka. Nataka kujua kitu kimoja tu. Hiyo petroli ilitiwa na nani?"

Wenzangu wote wakanigeukia, hata mzee Andrea ambaye huwa analala. Nikafunga kikao ili watu wawahi sala ya adhuhuri. Ilikuwa saa tatu asubuhi.

4. Shati. Hili ni dogo lakini linaonyesha jinsi ugonjwa unavyosambaa. Faudhia anafua nguo za nyumba nzima, ndiyo kazi yake ya Jumamosi. Jumamosi iliyopita alinionyesha shati langu la shamba akaniambia lina vumbi la njano mabegani na linanuka salfa. Akataka kujua lilichafuliwa lini, wakati zamu yangu ni ya saba na mashine haijafika kwa yeyote. Nilimjibu kwamba vumbi liko kila mahali katika wilaya hii. Akalifua. Ndugu Mkuu, mtoto anayeuliza unaweza kumkemea. Mtoto anayefua kimya huna la kumfanya.

5. Daftari. Madam amewapa zoezi la kutunga sentensi tano kuhusu maisha ya nyumbani, kila moja katika wakati wake. Nimelisoma daftari la mwanangu kwa haki yangu ya mzazi. Nne za kwanza hazina ubaya, zinahusu maji, kuni, mtama na paa la madrasa. Ya tano imeandikwa: "The machine was spoiled by ............" Yaani mashine iliharibiwa na, halafu hapo mbele ni nukta tupu. Chini yake Madam ameandika kwa kalamu nyekundu kwamba ni nzuri ila ikamilishwe, na daftari likusanywe Jumatatu. Nukta nimezihesabu, ni kumi na mbili. Nimejaribu kimyakimya majina ya wanakikundi wote kuona lipi linaenea hapo, na matokeo sitayaandika kwenye barua ya heshima kama hii.

Kutokana na hayo, naiomba ofisi yako mambo yafuatayo:

(a) Somo lifundishwe kwa upande mmoja tu. Watoto wageuze kutoka kutenda kwenda kutendwa, wakifika huko wabaki hukohuko.

(b) Swali la "na nani" lihifadhiwe kwa ajili ya mtihani wa taifa, chini ya ulinzi, na karatasi zikusanywe baadaye.

(c) Wakati ujao urudishiwe hadhi yake ya zamani.

(d) Madam Jenifa apangiwe kipindi kingine. Nasikia shule haina mwalimu wa michezo.

(e) Ikishindikana yote, mimi mwenyewe niko tayari kuja darasani, bila masharti, kuwaonyesha vijana jinsi ripoti inavyoandikwa na kijiji kikaendelea kulala usingizi.

Ndugu Mkuu, fikiria nchi ambayo kila kilichofanywa kina aliyekifanya. Nani atakubali kuwa mwenyekiti? Leo ni mashine moja ya Chinongwe. Kesho mtoto atasimama mbele ya daraja lililobomoka au dawa zilizokwisha zahanati, atauliza swali lake la Kidato cha Pili, na watu wazima watakosa pa kutazama. Kama ndivyo mnavyotaka, semeni mapema tujiuzulu kwa mpangilio.

Nisalimie walimu wote, mlinzi, na mama anayepika uji. Nisalimie hata Madam Jenifa, sina ugomvi naye binafsi. Familia yangu ni wazima, ingawa siku mbili hizi wamepunguza kuzungumza nami.

Wako mtiifu, mwenye nyonga mbaya na nia njema,

Twaha Isihaka

N.B. Barua hii nilimpa Faudhia anakili upya, maana mwandiko wangu haupendezi. Amenakili vizuri, hakupunguza hata nukta. Ila ameniletea na ile nakala yangu ya kwanza, na kila mahali nilipoandika ilitiwa, iliwashwa, ilitolewa na mfano wake, amechora kwa penseli mstari mdogo wa kujaza jibu. Ni mistari kumi na minne. Akaweka na kalamu juu yake, akaenda kuchota maji.

Nimekaa na karatasi hiyo mpaka chai ikapoa. Nimejaza mistari yote. Jibu ni moja, sikuhitaji kufikiri.

Mashine niliitoa mimi. Haikuwa majaribio. Niliona maua yangu yanafunguka, nikaona zamu ya saba ni mbali, nikasema nipulize mikorosho michache alfajiri, umande ungalipo, nirudishe kabla shemeji hajaamka. Petroli ya mashine ile lazima ichanganywe na oili. Kila mtu wa kikundi anajua, na aliyewafundisha ni mimi. Siku hiyo nilikuwa na haraka ya mwizi, nikamimina petroli tupu. Ilipuliza mikorosho kumi na mmoja, pistoni ikaganda.

Jana, baada ya kuijaza, nilikwenda kwa shemeji, nikamwambia kama nilivyoandika hapa. Nilitegemea anifukuze. Aliniuliza tu kama ile kumi na mmoja yangu imeshika maua vizuri. Nikasema imeshika. Akatazama ya kwake, ambayo kumi na minane maua yake yameshakuwa meusi, akaingia ndani. Afadhali angenitukana.

Kwa hiyo nimemwambia korosho za mikorosho yangu hiyo kumi na mmoja ataokota yeye msimu huu. Fundi Selestini amemaliza kazi. Kesho nakwenda Nachingwea kuichukua mashine, naibeba mwenyewe, na Jumapili alfajiri nitakuwa kwa shemeji na oili yangu mkononi, nipulize ile ishirini na minne iliyobaki. Kikundi nimekiachia kofia na korosho zake wachague mwenyekiti mwingine.

Madam asihamishwe. Na barua hii usiitupe, mpe aitumie darasani, vijana waigeuze sentensi kwa sentensi. Kwenye zile nukta kumi na mbili jina langu na la baba yangu linaenea sawasawa. Mwambie Faudhia aliandike, asiogope, baba yake ameshaliandika kabla yake.