Uso Wangu Unafukuza Wasomaji

Igawilo, Mbeya
14 Agosti 1956

Kwa Bwana Vinubhai,
Mwenye Mtambo wa Kuchapa,
Nyuma ya Soko, Mbeya Mjini.

Bwana Vinubhai mpendwa,

Pokea salamu nyingi kama mvua ya Rungwe, na baada ya salamu pokea malalamiko.

Mimi ni Mwalimu Yotamu Mwaisumo, yule uliyemchapia kitabu kiitwacho Mashauri ya Baba Mkwe, nakala mia tatu, jalada la kijani, picha yangu mbele. Najua unanikumbuka, maana nilikaa kwenye benchi lako siku kumi na mbili nikimtazama Lutengano, mpanga herufi wako, akiishiwa na herufi K. Mtambo wako uliletwa kwa ajili ya Kiingereza, na Kiingereza hakitumii K kwa fujo kama sisi. Uliniomba kwa heshima nipunguze maneno yenye K, nami kwa heshima nikafuta mlango mzima wa kitabu uliohusu kuku. Hilo silalamikii.

Wala silalamiki kwamba nimejichapia mwenyewe. Ofisi ya vitabu niliyoipelekea kwanza ilinirudishia maandiko yangu pamoja na barua ya mistari miwili: kitabu ni kizuri, ila hakina wasomaji. Nikauza dume langu la ng'ombe, Bwana, ili kuwaonyesha kuwa wamekosea. Sasa dume hayupo, na inaelekea walisema kweli. Lakini kosa si la kitabu, kosa ni la uso, na uso uliubandika wewe. Nayapanga makosa yako kwa namba ili usipotee.

1. Uso umetoka vizuri mno. Mimi nilitegemea kutoka kama watu wote wanavyotoka kwenye karatasi za kuchapwa, yaani doa jeusi lenye kola. Wewe ukaipeleka picha Dar es Salaam ikachongewe kibao cha kuchapia, ikakaa huko miezi miwili, ikarudi na kila kunyanzi, hata kovu nililopigwa na pembe ya mbuzi mwaka wa njaa. Nilimwonyesha mbwa wangu kitabu akatikisa mkia. Kama mbwa amenitambua, je, binadamu?

2. Hukuniuliza kama nina wakamwana. Fundi wa suruali hupima kiuno kabla ya kukata kitambaa, na mchapaji angenipima ukwe. Kwetu Wanyakyusa mke wa mwanangu hanitazami usoni, wala mimi simtazami. Jina langu halitamki. Tukikutana njiani yeye huinama na kukatiza majanini, nami hugeuka nikautazama mlima kana kwamba umeota leo. Ni heshima, si ugomvi. Wamisionari walituhubiria tuiache, tukasema amina, tukaendelea. Tena wazee wa rika moja huhesabiwa baba mmoja, kwa hiyo wake wa watoto wa wenzangu nao ni wakamwana wangu, na rika letu, Mungu ashukuriwe, lilizaa sana.

Usiniambie hukujua. Mimi mwenyewe, nikiwa kwenye benchi lako, nimemwona mkamwana wako Vasanti akishusha upindo wa sari mpaka kidevuni kila ulipoingia dukani. Ukayaona hayo kila siku, kisha ukaniambia, “Sura kama hii kuficha iko dhambi, Mwalimu, weka mbele!” Nami nikacheka, nikaomba kitana. Basi umewahi kuona, Bwana, mtu anaandika kitabu cha kuwashauri wakamwana, halafu juu yake anaweka kitu pekee ambacho wakamwana hawaruhusiwi kukitazama? Ni sawa na kuuza asali na kumfunga nyuki mlangoni.

3. Umeharibu biashara ya duka la Himmat. Alikubali kwa wema wake kuweka nakala kumi dirishani. Wanawake wa kwetu wakaanza kupita upande wa pili wa barabara wakiwa wamejifunika khanga mpaka machoni. Siku ya tatu Himmat akazifunika nakala kwa blanketi. Wateja wakarudi. Wakaliulizia blanketi, akaliuza, nyuso zangu kumi zikaonekana tena, duka likabaki tupu mpaka jioni.

4. Umevuruga ibada. Mchungaji, baada ya kunisumbua wiki mbili kwamba jina lake halikutajwa kwenye shukrani, alikubali kukitangaza kitabu. Akakiinua juu kwa mikono miwili. Upande wote wa wanawake ukainama kwa pamoja, vichwa chini ya khanga. Mgeni kutoka sinodi aliyekuwa mbele akadhani Roho ameshuka, akaanzisha wimbo. Tuliimba beti sita, na hakikununuliwa hata kimoja.

5. Hili la tano si kosa lako, lakini nakuandikia wewe kwa kuwa ndiye pekee ninayejua anwani yake. Ndugu zangu wanadai kitabu cha bure. Husema kitabu ni cha kwako mwenyewe, umekitoa kichwani mwako, kwa nini tukununulie kichwa chako? Mtu ambaye hawezi kunipa muhindi mmoja bila kunikumbusha mwaka mzima anataka kurasa sitini na nne kwa sababu tulichunga pamoja. Nakala zilizobaki zimejaa chumbani, tunapita ubavu. Mnunuzi mmoja tu ndiye aliyekuja bila kubembelezwa, naye ni muuza karanga. Aliisifu sana karatasi.

6. Uso wako umenifuata mpaka Iringa. Nasema wako, maana mimi nimeshaukana. Nilifikiri: Iringa ni kwa Wahehe, sina mkwe huko, acha nikatembee na uso wangu kwa uhuru. Nikapanda lori na maboksi mawili, nikapanga vitabu sokoni. Saa ya kwanza niliuza vinne, nikaanza kujiona mtu mkubwa. Ndipo akaja mwanamke mmoja na kikapu cha viazi, mchangamfu, akaomba aone. Kumbe ni wa kwetu, ameolewa na mtoto wa mwenzangu wa rika anayefanya kazi kwenye chai huko Mufindi. Alipiga ukelele, akaruka fungu la kabichi, akaacha kikapu na ndara moja.

Wahehe waliokuwa pale wakanisogelea wakiuliza kitabu hiki kina nini hata mwanamke mzima akimbie. Kabla sijaeleza, soko lote lilikuwa limekubaliana kwamba ni dawa. Hakuna aliyethubutu kukigusa tena, isipokuwa mzee mmoja wa Kilolo aliyenunua viwili ili akavitundike shambani, kimoja kila upande, kwa ajili ya nyani. Juzi ameniletea salamu kwamba nyani hawajaonekana tena. Huyo ndiye msomaji wangu aliyeridhika.

7. La mwisho nalisema polepole, maana linaniuma. Kitabu hiki nilikiandika kwa ajili ya mtu mmoja. Ni Sekela, mke wa mwanangu Asukile. Alisoma mpaka darasa la nane na anawapita wanangu wote kwa kusoma. Tunaishi ua mmoja mwaka wa sita huu, nami namjua kwa kisogo na kikohozi. Mwaka juzi mtoto wao wa kwanza alifariki akiwa na miezi minne. Watu wote walimwendea wakampa pole. Mimi, babu wa mtoto, nilisimama nyuma ya migomba. Nilimtuma mke wangu Damari anifikishie pole, akaifikisha: “Baba anasema pole.” Maneno matatu, Bwana! Mimi nilikuwa na maneno mengi, yalinikaa kifuani kama ugali mkavu.

Basi nikayaandika, ndiyo ukurasa wa ishirini na mbili. Kurasa nyingine sitini na tatu niliziongeza ili ule mmoja usione haya kwenda peke yake. Asukile alipokiweka kitabu mezani kwake, Sekela alihamia kupika kwa jirani siku tatu, mpaka kikapandishwa darini juu ya moshi. Nadhani sasa kimekauka kama samaki. Mtu niliyemwandikia ndiye aliyefukuzwa, na aliyemfukuza ni mimi mwenyewe, nikiwa nimechana nywele.

Kwa sababu hizo saba naomba yafuatayo. Njoo Igawilo na kisu na gundi, ubandue uso wangu kwenye nakala zote zilizobaki. Mahali pake bandika uso wako. Nimelifikiria sana jambo hili na sioni kasoro. Wewe huna mkamwana hata mmoja kutoka Igawilo mpaka Tukuyu, kila mwanamke wa Kinyakyusa anaweza kukutazama mpaka achoke. Jina langu pia lifute, uandike lako. Tena nenda ukaungame kwa Mchungaji kwamba mashauri yote ni ya kwako, hasa yale ya ukurasa wa tisa kuhusu kuamka alfajiri, ambayo naona yatakuwa na upinzani. Nyani wa Kilolo tutawaachia uso wa zamani, maana wameuzoea.

Nisalimie Mama Usha, mwambie chai ya tangawizi aliyoniletea benchini bado naikumbuka. Nisalimie Lutengano na K zake. Vasanti naye msalimie, ukiwa umegeuka. Damari anakusalimu, Asukile anakusalimu, hata mbwa.

Ni mimi, mwenye uso uliotajwa,
Mwalimu Yotamu Mwaisumo (mstaafu)

Baada ya kuandika:

Bwana Vinubhai, usije na kisu. Nilikuwa nalamba bahasha Damari alipoingia akaniuliza naandika nini. Nikamsomea. Akacheka mpaka akakaa chini, kisha akainua godoro letu. Chini yake kulikuwa na majalada arobaini ya kijani! Miezi mitatu nimelalia uso wangu mara arobaini bila kujua. Kumbe Sekela alimtuma zamani ang'oe jalada na kila karatasi yenye jina langu, kwa kisu cha ndizi, naye Sekela amekuwa akiwasomea wenzake kwenye shamba la maharage kila wakipumzika palizi. Wamekimaliza mara mbili. Wasema ndiyo mara yao ya kwanza kujua baba mkwe hufikiri nini.

Sekela ameniletea daftari kwa mkono wa Damari, lina kichwa kisemacho Majibu ya Mkamwana. Kwenye ukurasa wangu wa tisa anauliza, huyu anayetaka tuamke kabla ya jogoo, yeye jikoni kwake moto huwashwa na nani? Na amesikitika sana kwamba sikuandika neno lolote juu ya kuku, akaandika yeye, kurasa nne. Kuhusu ukurasa wa ishirini na mbili ameandika mstari mmoja: “Huu nimeukata nikauweka ndani ya Biblia. Asante, Baba.” Nimeusoma nikiwa nimesimama, kisha nikatoka nje kuutazama mlima.

Daftari nimelitia ndani ya bahasha hii. Lichape, nakala mia tatu, nina dume mwingine. Agiza K mapema na kuku usiwaguse. Nakuomba sana jina lake na picha yake usiviweke, hata ukiambiwa kuficha ni dhambi. Safari hii msomaji ni mimi.