Shemeji na Mwanya Wake

Jumatatu, 2 Machi
Mkuu wa chumba cha michoro anastaafu! Bosi kasema nafasi ni yangu au ya shemeji, mdogo wa mke wangu. Kila mmoja asanifu bomba la tanuri la kuchemshia mafuta ghafi, pamoja na vishikizo vyake. Ijumaa yote mawili yanapashwa moto karakana. Lisilopinda, mwenyewe anapewa kiti. Miaka kumi na tisa nakitolea macho kiti kile. Kina magurudumu.

Jumanne, 3 Machi
Shemeji kaenda kunawa, nikachungulia mchoro wake. Masikini! Kati ya bomba na kila kishikizo kaacha mwanya wa kidole kizima. Litacheza kama jino bovu. Vyangu kumi na viwili vinachomelewa pande zote. Chuma ni kukishika, si kukibembeleza.

Jumatano, 4 Machi
Mama wa kuchomelea vyuma pale karakana kanirudishia mchoro. Eti chuma kikipata moto hurefuka, sasa nikikibana kitaenda wapi? Nikamwambia kitatulia kwa adabu. Akasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mkuu gani, wakati sijateuliwa bado? Jioni nikachongesha kibao: MKUU WA MICHORO.

Ijumaa, 6 Machi
Bomba la shemeji lilijinyoosha, likateleza kwenye ule mwanya, likatulia. Langu likakaa kwa adabu dakika ishirini. Kisha, paa! Kishikizo cha tatu kikang'oka. Cha nne. Cha tano. Bomba likabinua mgongo kama paka. Mama wa kuchomelea akaokota kishikizo cha tatu, akanikabidhi, na hilo ndilo lililoniuma. Kiti kachukua shemeji. Nimeumia, naandika wazi. Lakini vishikizo tisa havikung'oka! Mbona hakuna aliyevihesabu?

Jumapili, 8 Machi
Nimeligundua kosa: vishikizo vilikuwa vichache. Ningeweka ishirini na vinne! Asubuhi nikaanza na geti letu la chuma. Lina mwanya unaonikera tangu tuhamie. Nikachomelea kipande, ukazibika kabisa. Kibao nikakipachika juu yake. Saa saba, jua la utosi, geti likagoma kufunguka. Mama mkwe yumo ndani, anataka kwenda kwake. Mke wangu kampigia simu mdogo wake. Kaja na tupa, kaparua kile kipande, geti likafunguka, kaacha mwanya wa kidole kizima. Mama mkwe kamshukuru kwa sauti, makusudi nisikie.

Jua la leo halikuwa la kawaida. Kesho nauziba tena.