Nyama ya Kutosha Bote

Jumatatu, tarehe 6 Oktoba

Nimefika kwenye loji ya Madame Clotilde, kando ya ziwa Tshangalele. Kitanda kipana. Chandarua bila tundu. Kula na kulala bure, wiki nzima! Mapatano ni haya: mimi, Hervé, niliyesoma habari za Likasi hadi redio ikafuta kipindi changu, namtungia tangazo. Vyumba vikijaa Jumamosi, ananiajiri kuwa msemaji wa loji. Visipojaa, narudi mtaa wa Panda, mjini Likasi, kwenye kochi la shemeji yangu Viviane, ambaye hutwanga sombe, majani ya muhogo, kabla ya jua kutoka, hatua moja na sikio langu.

Lazima vijae.

Jioni nimezunguka hifadhi na Magloire, mwongozaji wa wageni. Zamani alikuwa mwalimu wa Kiswahili na hajapona. Tumeona swala, punda milia, na pua za viboko majini. Punda milia hawakutukimbia. Magloire anasema imemchukua miaka kuwazoesha. Amesema kwa majivuno, kana kwamba amewazaa.

Jumanne, tarehe 7 Oktoba

Tangazo tayari. Kiswahili cha kwetu, kisicho na tai shingoni: “Siku ya Posho mukuye kwa Madame Clotilde, Tshangalele! Nyama ni mingi! Nyama ya kutosha bote, bakubwa na batoto!”

Siku ya Posho ndiyo Jumamosi. Tunaiita hivyo tangu enzi za kambi za wafanyakazi wa shaba, siku kampuni ilipogawa chakula cha wiki. Neno la nyumbani. Linagusa.

Magloire amesoma, akavua miwani. Ameniambia niandike “wanyama”. Nimemjibu kwamba Panda hakuna anayesema wanyama; huko nyama ni nyama, iwe porini, iwe sufuriani. Akasema hicho hasa ndicho anachokiogopa.

Wivu! Anautaka usemaji yeye.

Mama Albertine, mpishi, ameuliza anunue nini cha Jumamosi. Samaki tu, kama kawaida. Watu wanakuja kutazama.

Alhamisi, tarehe 9 Oktoba

Ushindi! Tangu redio irushe tangazo kwa sauti yangu, simu ya loji haipumziki. Vyumba vimejaa, wengine wanaomba kulala uani. Madame ameniita “msemaji wetu” mbele ya Magloire. Nimejifanya sikusikia, ili arudie.

Mama mmoja ameuliza kama aje na pilipili yake. Nimemwambia alete, mkono wa Albertine ni baridi. Mzee mwingine akataka kujua kama nyama iko mubichi. Nikamwambia iko muzima kabisa, inatembea. Alicheka sana. Msikilizaji wa kweli.

Jumamosi, tarehe 11 Oktoba

Lori limeshusha watu wenye sufuria, unga wa kusonga bukari, mkaa na visu. Nilidhani ni pikiniki ya kanisa. Mbele yao Papa Stanislas, mstaafu wa kiwanda cha Panda, kavaa suti, gunia tupu begani, mkewe Mama Alphonsine nyuma yake. Akanisalimu kwa heshima, akauliza foleni inaanzia wapi.

Nikawaketisha barazani. Punda milia wakaja kunywa maji, karibu kabisa. Nikanyoosha mkono: nyama ndizo hizo!

Mtu mmoja akajichagulia mgongo: “Ile ya manono, minye nachukua mukongo.” Kicheko. Wakaanza kuwagawana kwa macho, huyu paja, yule ubavu. Dada mmoja, Estelle, akaanza kunoa kisu kwenye ngazi ya baraza na kuuliza nani anachinja. Magloire akaruka ukingo, akasimama mbele ya wanyama mikono wazi kama golikipa.

Nikaeleza kwamba hizi ni nyama za kutazama. Estelle akauliza kama sufuria nayo wameileta ili itazame. Wengine wakapaza sauti: “Papa ya redio, weye ni mutu ya bongo!” Yaani mwongo. Mimi!

Albertine aliwatuliza kwa samaki. Samaki waliisha kabla ya kufika sahani yangu.

Papa Stanislas hakupiga kelele. Alilikunja gunia lake vizuri, akaliweka chini ya kiti. Akaniambia kwamba aliposikia posho, halafu nyama, tena kwa sauti yangu ambayo nyumbani kwao waliiamini siku zote, alifikiri pengine mambo ya zamani yamerudi. Mama Alphonsine alikuwa bado anawatazama punda milia. Alisema amepika nyama maisha yake yote, na leo ndiyo mara ya kwanza nyama kumwangalia.

Nimemsogezea kiti ukingoni, awatazame vizuri.

Jumapili, tarehe 12 Oktoba

Papa Stanislas na mkewe walikuwa wa mwisho kupanda lori. Walikaa barazani tangu alfajiri, wakiwangoja punda milia. Hawakuja. Magloire anasema wanyama walishtushwa na vurugu za jana na sasa wako mbali, kule kwenye matete. Miaka ya kuwazoesha, na mimi kuwafukuza nimetumia neno moja.

Madame haniiti tena msemaji. Ananiita “yule Bwana”. Nimemsihi. Nimetaja kochi. Amekubali tangazo moja la mwisho, juu ya ndege wa ziwani, maana huu ndio msimu wao. Likiharibika, nafunga mzigo.

Jumatatu, tarehe 13 Oktoba

Nimetafakari usiku kucha. Somo limeingia: sitatamka tena neno “nyama”.

Tangazo jipya: “Mukuye Tshangalele! Kila asubuhi ndege zinashuka hapa, mbele ya loji! Zingine zinatoka Ulaya, na zitarudia kule!” Ukweli mtupu, Magloire mwenyewe ndiye aliyenieleza kwamba huvuka bahari. Hata hivyo amevua miwani tena. Anataka “wanashuka”. Hizo wa- zake! Nimemwambia hakuna mtu Likasi asiyejua ndege ni nini.

Limesomwa saa sita. Simu ya kwanza haikuchelewa: kijana wa Kakanda, sauti inatetemeka kwa furaha. Ameuliza kama ni kweli zinarudi Ulaya. Nimethibitisha, kwa jina langu. Ameuliza anaruhusiwa kilo ngapi. Kamera za watazamaji wa ndege ni nzito; nimemwambia aje na zote. Anakuja na familia nzima ya kumsindikiza. Nyuma yake nimemsikia mama yake akilia.

Sikujua watu wa Kakanda wanapenda ndege kiasi hiki.